Kimya cha Dola 450
Hedifoni za bei kali zilibuniwa kwa ajili ya watu walio ndani ya ndege. Mkazi wa Kadutu, Bukavu, azinunue?

Nyumba nyingi za Kadutu ni za mbao na mabati, na zimebanana kwenye mteremko hivi kwamba paa la jirani wa chini linaanza pale unapoishia ukuta wa jirani wa juu. Ubao hauzuii sauti. Kabla jua halijachomoza, mhubiri wa kanisa la uamsho ameshashika maikrofoni. Mashine ya kusaga mihogo inamfuata, kisha pikipiki za wamotari zinazopanda kuelekea soko kuu kwa gia ya kwanza. Mchana umeme wa SNEL ukikatika, jenereta zinaanza kujibizana. Jioni baa inafungua spika zake, na kukiwa na mechi kwenye uwanja wa Concorde, mtaa mzima unajua bao limeingia kabla redio haijatangaza. Anayetaka nusu saa ya kusoma au ya kusikiliza wimbo mmoja kwa utulivu hana mlango wa kufunga.

Pembeni mwa soko, kwenye meza za vijana wanaouza chaja na simu, kaske, yaani hedifoni, zinaning'inia kwa rangi zote. Za bei ya chini utaondoka nazo kwa dola 10 au 15 baada ya kuvutana kidogo. Lakini zipo zisizoning'inizwa. Hizo zimekaa ndani ya boksi, zimevishwa nailoni, na muuzaji akikuona unazitupia jicho anashusha sauti: «Papa, hii ni yenyewe, si ya China.» Husemi kitu, ingawa hata baadhi ya zile halisi huunganishwa huko huko China.

Bei za hizo «zenyewe» zinajulikana. Sony ilipoitoa WH-1000XM6 mwezi Mei 2025, ilitangaza dola 450. Bose QuietComfort Ultra ilitoka 2023 kwa dola 429. AirPods Max za Apple zilitoka Desemba 2020 kwa dola 549. Hizo ni bei za Marekani. Hazijapita Dubai, hazijavuka mto Ruzizi, na hazijakutana na mkono wa kila mtu anayetaka chake njiani.

Sasa tuziweke hapa nyumbani. Mwezi huohuo wa Mei 2025, serikali ya Kinshasa ilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka franka 7,075 hadi franka 14,500 kwa siku, yaani karibu dola 5 kwa viwango vya wakati ule. Kwa hesabu hiyo, Sony moja ilikuwa siku 90 za kazi bila kula, bila kodi, bila minerval (ada ya shule) ya mtoto. Na hiyo ilikuwa kwa mwenye kazi ya kuandikwa. Tangu wapiganaji wa AFC/M23 waingie Bukavu Februari 2025 na benki zikafunga milango, hata mwenye pesa yake alijua shida ya kuiona mkononi. Kwa hiyo kuuliza kama kitu cha dola 450 kina thamani yake si kuuliza swali la anasa. Kijana anaweza kukisubiri mwaka mzima, au anaweza kumwomba dada aliye Brussels amtumie badala ya kumtumia pesa ya masomo.

Sauti haipandi pamoja na bei

Anayenunua hedifoni ghali kwa kawaida anadhani ananunua sauti. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali. Alitafuta uhusiano kati ya bei ya dukani na namna hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na sauti nyembamba. Hakuupata. Hedifoni ya bei kali inaweza kuwa na mgawanyo mbaya wa sauti, na ya bei ya kawaida ikawa na mzuri.

Msikilizaji wa rumba ana kipimo chake, na hakihitaji maabara. Muziki huu, ambao UNESCO iliuandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2021, umesimama juu ya magitaa. Solo, mi-solo na gitaa la kusindikiza huzungumza pamoja katika sauti za kati, na sebene ikianza kila moja lazima isikike mahali pake. Kaske nyingi za bei ya chini huongezewa besi ili zimvutie mteja mezani. Ngoma inapiga kifuani, gitaa la mi-solo linazama. Chukua wimbo wa Franco na OK Jazz unaoujua kwa moyo, usikilize. Ukiweza kulifuata gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho bila kulitafuta, hedifoni hiyo inafaa, iwe ya dola 40 au 400.

Halafu kuna chanzo cha wimbo wenyewe. Hedifoni ghali hujivunia mbinu za kusafirisha sauti kama LDAC ya Sony, inayoweza kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini kama nyimbo zako ulikopiwa kwenye kadi ya simu na kijana mwenye kompyuta kando ya barabara, na zilishabanwa hadi kilobiti 128, barabara hiyo pana itapitisha mzigo uleule mdogo. Hakuna hedifoni inayorudisha kilichokatwa.

Kwa wanaotengeneza muziki, jibu ni fupi zaidi. Bluetooth huchelewesha sauti. Kwa mbinu ya kawaida ya SBC, ucheleweshaji hufika kama sehemu ya tano ya sekunde, na mwimbaji anayejirekodi hawezi kuvumilia hilo. Studio nyingi duniani bado zinatumia hedifoni za waya kama Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991 na ambayo bei yake ni kama dola 100. Anayepanga midundo kwenye chumba cha nyuma pale mtaa wa Nyamugo hahitaji zaidi ya hapo.

Kinacholipiwa ni kimya

Kinachozitofautisha kweli hedifoni za dola 400 na za dola 15 ni uwezo wa kuzima kelele. Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Kila sauti ni wimbi lenye kilima na bonde. Ukitengeneza wimbi lingine ambalo bonde lake linaangukia penye kilima cha lile la kwanza, mawimbi hayo hulana, na sikio linabaki na kidogo sana. Maikrofoni ndogo zilizo nje na ndani ya kikombe cha hedifoni husikia kelele inayokuja, chipu inapiga hesabu, na spika inatoa kelele iliyopinduliwa.

Lakini wazo la Lueg lilikosa mashine ya kulitekeleza kwa miongo mingi. Amar Bose, profesa wa MIT, alikuwa akirudi Boston kutoka Ulaya mwaka 1978. Alivaa hedifoni za ndege, akakuta mngurumo wa injini umefunika muziki wote, akaanza kuandika hesabu kabla ndege haijatua. Kampuni yake iliuza hedifoni ya kwanza ya namna hiyo kwa marubani mwaka 1989, na mwaka 2000 ikatoa QuietComfort kwa wasafiri wa kawaida.

Asili hiyo ndiyo inayoeleza kila kitu kinachofuata. Kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye ndani ya ndege, akiwa na mambo matatu: kelele isiyobadilika, chumba kilichofungwa, na watu wengine waliopewa kazi ya kuangalia usalama wake. Abiria hana cha kulinda. Rubani yuko macho, mhudumu yuko macho, yeye amefunga mkanda.

Kadutu inampa mtu jambo la kwanza tu kati ya hayo, na hata hilo kwa nusu. Jenereta ya jirani ni kelele isiyobadilika, na hapo hedifoni nzuri hufanya ajabu. Mingurumo mizito kama hiyo inaweza kushuka kwa decibeli 20 hadi 30, na kila decibeli 10 zinazoshuka sikio huziona kama kelele imepungua nusu. Mashine ya kusaga, lori linalopanda, besi ya baa, vyote hivyo hufifia. Mhubiri hafifii sana. Sauti ya mtu inapanda na kushuka kila wakati, na mawimbi yake ya juu ni mafupi mno kwa chipu kuyawahi. Kinachomzuia mhubiri ni unene wa sponji ya kikombe, na sponji haihitaji betri. Honi, mtoto anayelia na fundi anayegonga bati nazo zitakufikia, hata ukilipa dola 549.

Kwa kazi hiyo ya kuzuia tu, kuna mshindani ambaye matangazo hayamtaji. Ni vizibo vya masikio vya povu, vinavyouzwa kwa pesa ndogo sana. Vikiingizwa vizuri, hupunguza sauti za juu na za chini pamoja. Anayetafuta usingizi, wala hatafuti muziki, aanzie hapo.

Sikio lenyewe

Kuna hoja moja inayozitetea hedifoni za kuzima kelele kwa nguvu, nayo ni afya. Mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti ya simu ili aishinde. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza vibaya. Mwongozo wake ni kwamba decibeli 80 mtu anaweza kuzivumilia saa 40 kwa wiki, lakini zikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Kila decibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu.

Kijana anayeuza kando ya jenereta tangu asubuhi hadi jioni, akiwa amevaa kaske ya dola 10 iliyofunguliwa mpaka mwisho, anamaliza muda wa wiki nzima kabla ya mchana wa kwanza. Hedifoni inayozima mngurumo ingemruhusu asikilize kwa sauti ya chini. Na usikivu ukishaharibika kwa njia hii haurudi. Hapo pesa inanunua kitu cha kweli. Swali ni kama lazima ziwe dola 450.

Usiku, barabara na mvua

Katika mtaa wa mbao, kelele ni adui na ni mlinzi. Moto ukishika nyumba moja Kadutu, unaruka kwenda nyingine kwa sababu ukuta na ukuta vimegusana, na gari la zimamoto halina njia ya kupita kwenye vichochoro. Mlio wa kwanza wa jirani ndio king'ora. Wezi wakiingia usiku, ni makelele ya mtaa yanayowafukuza. Mvua kubwa za msimu, unaodumu Septemba hadi Mei, zikilegeza mteremko, ni sauti ya udongo na ya watu inayokuambia utoke. Mtu aliyelala na kimya cha dola 450 masikioni amejitoa kwenye ulinzi ambao wenzake wote wanaushiriki, tena bure.

Barabarani hali ni hiyohiyo. Kaske kubwa haiingii chini ya kofia ya pikipiki, na anayetembea kwa miguu kwenye njia zisizo na ukingo, pikipiki zikishuka bila kuwasha injini ili kuokoa mafuta, anahitaji masikio yake yote mawili. Zaidi ya hayo, kuna swali ambalo hata mtoto atakujibu: dola 450 zinazoonekana kichwani zitafika na wewe nyumbani ikiwa saa moja ya usiku imekukuta pale mtaa wa Essence?

Mvua nayo ina neno. Sony, Bose na Apple hazikuzipa hedifoni hizi za bei kali cheti cha kustahimili maji. Upande mwingine, Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na baridi yake inazifaa. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akivaa vikombe hivi kwa saa moja anatiririka jasho. Huku vinapasha masikio joto.

Betri, delestaji na fundi

Katika mji wa delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu, namba ya kutazama kwanza kwenye boksi ni saa za betri. Sennheiser Momentum 4, iliyotoka 2022 kwa dola 350, inafika saa 60. Sony za daraja la juu hufika saa 30 huku zikizima kelele. AirPods Max, ghali kuliko zote, hufika saa 20. Kuna jambo jingine linalosahaulika: betri ikiisha, Sony na Sennheiser zinaendelea kupiga kwa waya. AirPods Max zile za 2020 zikiishiwa chaji hazipigi kwa njia yoyote. Anayekaa siku mbili bila umeme ajue hilo kabla ya kutoa pesa.

Kisha kuna uzee. Ngozi bandia ya vikombe hupasuka na kubanduka baada ya miaka michache. Betri za lithiamu hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara mia tatu hadi mia tano. Mafundi wa Kadutu wanafufua simu ambazo watengenezaji wake wameshazizika, na kubadili betri au kushona vikombe vipya hakuwashindi. Kinachowashinda ni chipu na maikrofoni zikifa, kwa sababu hapo kimya kinakufa pia, na unabaki na kaske ya kawaida. Dhamana ya mwaka mmoja iliyoandikwa kwenye boksi inadaiwa mahali iliponunuliwa. Kama ni Dubai, itakubidi uipeleke Dubai.

Jinsi ya kuijua ya bandia

Mezani Kadutu, hatari kubwa kuliko kulipa ghali ni kulipa ghali kwa kitu cha bandia. Nakala za AirPods Max zimejaa Afrika Mashariki yote, na nyingi hujitaja P9 zikiunganishwa na simu. Kwa bahati nzuri, kuzima kelele si kitu rahisi kuiga, na soko limejaa jenereta. Mwambie muuzaji mwende karibu na moja inayonguruma. Vaa, bila muziki, kisha washa na zima kitufe cha kelele. Ya kweli itauzamisha mngurumo papo hapo, na ukizima utarudi kwa kishindo. Ya bandia haitabadilisha kitu, au itatoa mvumo wake yenyewe. Kwa Sony kuna njia ya pili: programu yake ya simu huitambua hedifoni halisi kwa jina la modeli. Muuzaji akikataa majaribio haya, mwage kwa heshima.

Hesabu ya mwisho

Turudi kwa mtu wa ndani ya ndege. Hedifoni hii ina faida kwa saa zile tu unapokuwa kama yeye: umekaa, uko ndani, na kuna mtu mwingine aliye macho nyumbani. Zihesabu saa hizo kwa wiki, bila kujidanganya.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu pale Karhale, anayesoma saa 3 kila jioni, siku 5 kwa wiki, huku mama na wadogo zake wako macho sebuleni, atafikisha saa 2,250 kwa miaka mitatu ya wiki 50. Sony ya dola 450 itamgharimu senti 20 kwa saa. Mtu anayezivaa saa 2 tu kila Jumapili atafikisha saa 300, na kila saa itamgharimu dola 1 na nusu. Kwa wengi wetu, hapo mjadala umekwisha.

Lakini hata mwanafunzi asikimbilie zile za juu. Mbinu ya kuzima kelele imeshuka bei. Soundcore Space One ilitoka mwaka 2023 kwa dola 100, na Sony WH-CH720N ilitoka mwaka huohuo kwa dola 150. Zote zinazima kelele, zote zinapiga kwa waya betri ikiisha, na zote mbili hukaa saa 35 au zaidi kwa chaji moja. Ya dola 100 inampa mwanafunzi wetu kila saa kwa senti zisizofika 5. Haitauzima mngurumo wa jenereta kwa kina cha ile ya dola 450, lakini itaupunguza kiasi cha kuusahau. Na kwa kuwa haitamziba kabisa, atamsikia mama akiita.

Za dola 400 na kuendelea ziachwe kwa anayelipwa ili asikilize: mtafsiri anayefanya kazi na mashirika kwa njia ya intaneti, mwandishi anayenakili mahojiano ya saa nyingi, mhariri wa sauti wa redio. Huyo kimya kinamrudishia pesa, na anaweza kuzihesabu kama vyombo vya kazi. Mwenye ndugu Ulaya anayemwuliza «nikutumie nini?» aombe ya dola 100, na tofauti iliyobaki ailipie kodi ya chumba cha matofali. Ukuta huo hautaki chaji.

Kwa Kadutu ya leo, bei ya haki ya kimya ni kati ya dola 80 na 150. Inayozidi hapo ailipe yule ambaye kazi yake itamrudishia.